Fremu Tupu Uani
Baiskeli nyingi huingia Afrika Mashariki kutoka China na India zikiwa vipande ndani ya maboksi, na fundi ndiye huzisimamisha mlangoni mwa duka. Lakini wapo wasiotaka kusimamishiwa. Hununua fremu kuukuu ya Raleigh au Phoenix, wakaipiga msasa mpaka kutu iishe, kisha wakasaka vipuri kimoja kimoja. Mara nyingi gharama hupita bei ya baiskeli mpya. Hilo haliwasumbui.

Kazi huanzia kwenye gololi. Ekseli ya krenki (mikono ya pedali) katika fremu ya Kiingereza hutaka gololi 11 za robo inchi kila upande, zikiwa zimezama kwenye grisi zisidondoke. Kikombe kinachozishika gololi kikikazwa mno, ekseli hukwaruza, kikilegea, hucheza. Pana mtego pia: kikombe cha kulia hufungwa kinyume, na pedali ya kushoto vilevile, ili mwendo wa miguu usizifungue. Wilbur na Orville Wright walitangaza pedali za namna hiyo mwaka 1900, wakiwa bado na duka la baiskeli mjini Dayton, Marekani. Ndege waliyoirusha mwaka 1903 nayo ilizungusha mapangaboi yake kwa cheni.

Ila utamu wote uko kwenye kusuka ringi. Baiskeli hizi za inchi 28 kwa kawaida huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, na asiyejua hudhani spoku hubeba mzigo kama nguzo. La. Waya wa milimita mbili ukisukumwa hupinda papo hapo. Nguvu yake ni katika kuvutwa. James Starley wa Coventry, Uingereza, ndiye aliyepata hataza ya spoku za kupishana mwaka 1874, na hadi leo hakuna aliyemzidi sana.

Fremu hupinduliwa, ikasimama kwa usukani na kiti. Njiti ya kiberiti hufungwa kwenye uma, karibu kugusa ringi, kisha gurudumu huzungushwa taratibu. Ringi ikigusa njiti upande wa kushoto, nipeli (nati ndogo za spoku) za kulia hukazwa robo mzunguko, za kushoto zikalegezwa kidogo. Robo tu! Mwenye pupa huharibu kazi ya asubuhi nzima hapa. Aliyezoea hugonga spoku kwa ukucha na kusikiliza: za upande mmoja zikilia sauti zinazokaribiana, gurudumu limetulia.

Madigadi, keria na kengele ni kazi ya jioni moja, na watoto wanaweza kusaidia.

Kotapini, pini zinazofunga krenki kwenye ekseli, ndizo hutaka mkono wa mtu mzima. Nati ya kila pini hushikilia tu. Kinachoizamisha pini ni nyundo, huku krenki ikiegemezwa kwenye kipande cha bomba la chuma ili pigo lisiziumize gololi. Baada ya kilomita chache za mwanzo pini hukaa vizuri zaidi na nati hulegea, kwa hiyo safari ya kwanza huwa fupi, spana ikiwa mfukoni.