Geuza Bamba Uone Nyuma: Kulijua Tundu Lililopanuliwa Vizuri

Matungu, magharibi mwa Kenya, ni nchi ya miwa, na miwa ndiyo iliyowafundisha mafundi wengi wa huku kutoboa chuma kinene. Tangu kiwanda cha jirani cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973, matrekta yamekuwa yakikokota trela zilizosheheni katika barabara za vumbi, na mahali trela inaposhikana na trekta pana bamba moja, tundu moja na pini moja. Kiwanda kiliyumba, kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, lakini watu hawakuacha kupanda wala kubeba miwa. Pini inatikisika, tundu linalika. Misimu ikipita, tundu lililokuwa duara linakuwa kama yai, refu upande wa mvuto, na kila trekta inapofunga breki unasikia chuma kikigonga chuma. Wenye visagio vya sukari nguru nao wana yao: injini ya dizeli waliyonunua ina miguu isiyolingana na msingi wa zamani, na tundu la milimita 14 linatakiwa lipokee bolti ya 16.

Wateja wengi wanaipima kazi hii kwa swali moja tu, kama bolti imeingia. Bolti huingia katika tundu lolote lililo kubwa vya kutosha. Anayejua huuliza chuma kilichobaki kitaishika vipi bolti hiyo mzigo ukija.

Kwa hiyo kagua ukingo kabla drili haijawashwa. Kanuni za Ulaya za ujenzi wa chuma zinataka kitovu cha tundu kiwe mbali na ukingo, upande wa mvuto, angalau mara 1.2 ya kipenyo cha tundu. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Hesabu za kanuni hizo hizo zinaonyesha kwamba bamba halitoi nguvu yake kamili hadi umbali huo ufike mara tatu ya kipenyo. Chukua tundu la milimita 28 lililo milimita 60 kutoka ukingoni: umbali wake ni zaidi kidogo ya mara mbili. Lipanue lifike 34, na umbali umeshuka hadi mara 1.76, ingawa hakuna aliyeugusa ukingo. Kwa msingi wa injini ningekubali. Kwa trela inayovutwa kwa kushtuka mlimani na kutumbukia kwenye mashimo, ningeagiza bamba jipya.

Kupanua tundu la zamani ni kugumu kuliko kutoboa jipya, na sababu iko kwenye ncha ya biti. Katika chuma kizima ncha inakandamiza katikati na kuituliza biti. Ndani ya tundu lililokwisha kutobolewa ncha inaelea hewani, kazi yote inabaki kwa pembe za nje za makali, nazo zinajizamisha kwenye chuma kama parafujo. Drili inavutwa mbele ghafla, na kama bamba halikubanwa, linazunguka nayo. Mikono mingi imeteguka hivyo. Fundi mzuri hubana bamba kwa jiliwa au klempu mbili, hutumia drili ya mwendo wa pole yenye mkono wa pembeni, na wengine huyasugua makali ya biti kidogo kwa jiwe ili yakwangue badala ya kuchimba. Biti ya milimita 20 katika chuma laini inataka mizunguko kama 400 kwa dakika. Drili nyingi ndogo za mkono hukimbia karibu 3,000, kwa hiyo ukisikia mlio mwembamba unaopiga kelele ukiambatana na moshi, ujue biti inaungua.

Tazama pia kinachotoka. Biti iliyonolewa sawasawa hutoa nyuzi mbili za chuma, moja kila mfereji, zenye rangi ya fedha au manjano hafifu. Ukiona uzi mmoja tu, makali ya upande mmoja ndiyo yanayofanya kazi, na tundu litakuwa kubwa kuliko biti yenyewe.

Sasa umbo. Hapa ndipo hata wenye vipimo hudanganyika. Biti ya makali mawili ikitetemeka ndani ya tundu la zamani huacha tundu lenye pembe tatu za mviringo, hafifu kwa jicho. Ukilipima kwa kalipa, uizungushe na ulipime tena, namba inabaki ileile, kwa sababu umbo la namna hiyo lina upana sawa kila upande ingawa si duara. Kalipa haitakuambia kitu. Chukua pini yenyewe, ipake masizi au chaki, ipitishe na kuizungusha, kisha tazama ukutani rangi imeshika wapi. Rangi ikishika michirizi mitatu na kuacha nafasi katikati, mzigo wote wa trela utakaa juu ya michirizi hiyo mpaka iliwe. Chombo halisi cha kupanulia ni biti yenye mifereji mitatu au minne, lakini ni adimu katika karakana za nyumbani. Bila hiyo, dawa ni kuacha chuma cha kutosha kwa biti ya mwisho. Hatua nyingi za milimita mojamoja huzichosha pembe za biti na kuzidisha mtetemo. Kipande cha kitambaa kilichokunjwa na kuwekwa chini ya biti inapoanza kuuma husaidia sana kuutuliza.

Msumeno wa kukatia matundu nao unafaa, ila unahitaji kitovu, na kitovu ndicho kilichokwisha kuondoka. Gongomea kigingi cha mkaratusi mkavu ndani ya tundu la zamani, weka alama katikati, kisha biti ya kuongoza ishike hapo. Biti ya ngazi iache kwa mabati na mabamba membamba. Kila ngazi yake ina kimo cha milimita chache tu, na katika bamba la 20 itakuachia tundu la mteremko.

Mteremko si jambo dogo. Daraja la Tay huko Uskoti lilianguka usiku wa 28 Desemba 1879 likiwa na treni juu yake. Miongoni mwa kasoro zilizoonekana, matundu ya bolti kwenye masikio ya nguzo za chuma cha kusubu yalitoka kwenye kalibu yakiwa mapana upande mmoja kuliko mwingine, hayakutobolewa kwa biti, na bolti ikawa inalalia ukingo badala ya ukuta mzima. Ndiyo maana nasema, "Fundi, tugeuze tuone nyuma." Mbele kila mtu hupasafisha. Nyuma ndipo biti iliyoyumba hujionyesha, na ndipo unaposimamisha pini na kuona kama inalala.

Tundu lililokatwa kwa gesi likaachwa hivyo halijamalizika. Ukuta wake una mistari kama ya msumeno, na kila mstari ni mahali pa ufa kuanzia. Kama bamba limetokana na chuma kigumu, springi ya lori kwa mfano, moto huacha ngozi ngumu inayoua biti. Afadhali gesi ikate pungufu kwa milimita tatu, kisha jiwe la kusagia na tupa ya duara vimalizie. Kazi ya tupa ni ya polepole, lakini ukuta uliosuguliwa na mkono mtulivu nauamini kuliko uliokwanguliwa na drili yenye hasira.

Tundu lililokwisha kuhama kitovu halifai kupanuliwa, linazibwa. Njia safi ni kuingiza kipande cha chuma cha duara kilichochongwa ukingo pande zote mbili, kukichomelea mbele na nyuma, kusaga mpaka usawa, halafu kutoboa upya mahali panapotakiwa. Angalia ukuta mpya kwa tochi: vidoa vyeusi ni uchafu wa welding uliofungiwa ndani. Washa iliyochomelewa juu ya tundu lililolika inaficha ugonjwa tu, na kwenye trela siikubali.

Mwisho pitisha kidole pande zote mbili. Ndevu za chuma zikikuchoma, kazi ya tupa haijaisha. Ukingo uvunjwe milimita moja, mbele na nyuma. Bolti ya 16 icheze milimita mbili katika tundu la 18, basi. Pini ya trela ishuke kwa uzito wake bila nyundo, izunguke kwa vidole, na ukiitikisa kwa mkono isigonge.