Mita 67 juu ya High Point: hesabu ya kilele cha kuongezewa

Ukitaja jimbo la New Jersey, Mmarekani atafikiria bandari, viwanda vya dawa na barabara kuu zenye foleni. Mlima hautamjia akilini. Kilele cha juu kabisa cha jimbo hilo, High Point, kina futi 1,803 kutoka usawa wa bahari. Msomaji wa Nairobi atatabasamu, kwa sababu mji wake uko mita 1,795 hivi: namba karibu ni ileile, ila wenzetu wanahesabu futi. Kwa mita, High Point ni 550 tu. Ukipanga majimbo yote 50 ya Marekani kwa urefu wa vilele vyake, New Jersey ni la 40.

Juu ya kilele hicho pamesimamishwa mnara wa mawe wa mita 67. Ni nyongeza ya asilimia 12 ya kimo cha mlima wenyewe, na si jambo dogo. Wageni wengi hupanda ngazi zake 291, huchungulia dirishani, hupiga picha na kushuka wakiamini kuwa mnara ulijengwa ili mtu aone mbali. Mimi naona kinyume chake. Mnara ule ulijengwa ili uonekane, na kila uamuzi wa maana katika usanifu wake unaelekea huko.

Tuanze na umbo la mlima, maana ndilo lililompa msanifu kazi. High Point si mlima wa kujitenga kama Meru au Longido. Ni sehemu iliyoinuka kidogo juu ya mgongo mrefu uitwao Kittatinny, ambao Pennsylvania huitwa Blue Mountain, hukatiza kona ya kaskazini-magharibi ya New Jersey, kisha huingia jimbo la New York kwa jina la Shawangunk. Mgongo huo ni mfano wa mtumbwi uliofudikizwa: mrefu, umenyooka, na juu karibu umesawazika. Sehemu hii ya Appalachia imejaa migongo ya namna hiyo. Tabaka za miamba zilikunjwa na kuinamishwa, kisha mvua na mito vikazila zile laini. Upande wa mashariki palikuwa na mwamba uliotokana na tope. Ukamomonyoka, ukawa bonde. Kwatzaiti, yaani mchanga na kokoto za zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita zilizoshikamana zikawa mwamba mgumu ajabu, ikabaki imesimama. Halafu, yapata miaka 20,000 iliyopita, barafu nene ya zama za barafu ikapita juu ya mgongo mzima. Ikausugua, ikaacha mikwaruzo juu ya mawe, na chini kidogo ya kilele likabaki ziwa dogo, Lake Marcia.

Kwa hiyo ukisimama bondeni na kuinua macho, unaona mstari mmoja wa kijani usio na ncha. Hujui kilele ni kipi. Jimbo lina sehemu yake ya juu kabisa, lakini sehemu yenyewe haijitambulishi.

Ardhi hiyo ilikuwa ya Kanali Anthony Kuser na mkewe Susie Dryden Kuser, binti wa John Dryden, mwanzilishi wa kampuni ya bima ya Prudential aliyewahi pia kuwa seneta. Mwaka 1923 waliikabidhi jimbo, zaidi ya ekari 10,000, na ofisi ya akina Olmsted, wana wa yule aliyebuni Central Park ya New York, ikachora mpango wa hifadhi. Mnara nao waliugharimia wenyewe, uwe kumbukumbu ya wanajeshi wa New Jersey waliopigana nchi kavu, baharini na angani katika vita vyote vya nchi yao. Mchoro ulitoka kwa Marion Sims Wyeth. Hapa mtu hushangaa kidogo, kwa sababu Wyeth alikuwa fundi wa majumba ya matajiri wa Palm Beach huko Florida. Mkono wake umo hata katika Mar-a-Lago. Mtu wa kumbi, nyua na matao alichagua umbo tupu kuliko yote: nguzo ya pande nne inayopungua unene kadiri inavyopanda, hadi kuishia kwenye ncha.

Utupu huo ndio ufundi wenyewe. Jengo lenye ghorofa na safu za madirisha humpa mtazamaji kipimo. Jicho huhesabu ghorofa, nalo hukadiria kimo. Nguzo ya mawe yenye uso karibu mtupu haimpi chochote cha kuhesabu. Ukiwa mbali huwezi kusema ni mita 30 au 100, na kwa kuwa imesimama juu ya mlima, akili huikuza pamoja na mlima. Kuchongoka kwake nako kunasaidia mara mbili. Kwanza, macho huongozwa kwenda juu, kwa hiyo mgongo uliokuwa butu unapata ncha. Pili, uzito mwingi unabaki chini na eneo linalopigwa na upepo linapungua kadiri unavyopanda, ambako upepo ni mkali zaidi. Hakuna mti wala jengo jirani la kuukinga mnara huo.

Tupime sasa. Mji wa Port Jervis, upande wa New York, uko umbali wa kilomita sita na ushee kutoka kileleni. Kwa umbali huo mnara wa mita 67 unachukua takriban nusu digrii ya anga na kidogo zaidi, yaani unazidi kidogo upana wa mwezi mpevu. Nyoosha mkono mbele ya uso: ni milimita sita hivi. Inaweza kuonekana kidogo, lakini juu ya mstari mrefu uliosawazika milimita sita zilizosimama wima haziwezi kufichika. Ungeuweka mnara huohuo juu ya mlima wenye vilele vitano vilivyochongoka, ungepotea kati yake. Ubutu wa Kittatinny, ambao ulikuwa tatizo, ndio unaoufanya mnara ufanye kazi.

Tukija kwenye mawe, kuna fumbo dogo. Mnara umesimama juu ya kwatzaiti, na baadhi ya kwatzaiti hiyo imetumika kuuvisha. Lakini graniti ililetwa kutoka New Hampshire, majimbo kadhaa kaskazini. Kwa nini ubebe mawe safari yote hiyo kwenda kwenye mlima wa mawe? Jibu, nionavyo, liko katika kingo. Nguzo ya namna hii huishi au hufa kwa mistari yake minne ya pembeni. Ikipinda kidogo tu, jicho linaona. Graniti nzuri hukubali kukatwa na kunyooshwa. Kwatzaiti ya mgongo huu, iitwayo kwatzaiti ya Shawangunk, ni ngumu mno, na mara nyingi ina kokoto ndani yake. Huko New York ilichongwa kwa vizazi vingi kuwa mawe ya kusagia nafaka, na kazi hiyo yahitaji jiwe lisilolika. Kulinyoosha kwa mita kadhaa ni habari nyingine.

Kwa umbo, Wyeth hakubuni kitu kipya. Mnara wa Bunker Hill, Boston, una futi 221 na ngazi 294. Wa High Point una futi 220 na ngazi 291. Mfanano huo si wa bahati. Tofauti iko katika namna ya kujenga. Bunker Hill ilianza mwaka 1825 na kumalizika 1843. Pale mawe ndiyo jengo: vitalu vya graniti ya Quincy vimebebana kutoka chini hadi juu, na ili kuvisafirisha ilibidi ijengwe reli maalumu mwaka 1826, mojawapo ya reli za mwanzo kabisa Marekani. Fedha zilikatika mara kwa mara, hadi chama cha wajenzi kikauza sehemu ya uwanja wa vita uleule ambao mnara unaukumbuka. High Point ilianza 1928 na kumalizika 1930. Huku mawe ya nje ni vazi tu, na mlipaji alikuwa familia moja isiyohitaji kupitisha bakuli. Miaka miwili dhidi ya 18: magari na mashine za karne ya 20 vilichangia, ila sehemu kubwa naipa pochi. Kanali Kuser hakuuona ukimalizika. Alifariki mwaka 1929.

Vazi la mawe lina gharama yake. Jiwe la nje na ukuta wa ndani havipati joto wala baridi kwa kiwango kimoja. Maji yakipenya kwenye viungo na kuganda, hutanuka na kusukuma jiwe, na kila majira ya baridi mchezo unaanza upya. Mnara ulio wazi kwa kila upepo hauwezi kulikwepa hilo. Matengenezo ya viungo ni kazi isiyoisha, na mgeni asishangae kuukuta mlango umefungwa.

Akiukuta wazi, je, apande? Hesabu iamue. Ngazi ya kawaida ina kimo cha sentimita 18 hadi 20. Zidisha kwa 291, unapata mita 52 hadi 58. Chumba cha juu, basi, kiko chini ya ncha kwa mita kadhaa. Tuseme mita 55. Mtu aliyeko mita 550 juu ya usawa wa bahari, kama hakuna kilima cha kumziba, ana upeo wa macho wa kilomita 84 hivi. Akiongezewa mita 55 anafika kilomita 88. Ngazi 291 zimemzidishia kilomita nne, tena za ukingoni, ambako ukungu wa kiangazi huwa umeshafuta kila kitu. Na analipa kwa kubadilisha anga lote la nje kwa madirisha madogo.

Hata chini ya mnara, kilele kiko wazi. Unaona New Jersey, Pennsylvania ng'ambo ya mto Delaware, na New York kaskazini, bila kupanda kitu. Wale wanaokusanya vilele vya majimbo yote 50 hawana haja ya ngazi hata moja: sehemu ya juu ya asili iko miguuni mwa mnara, na mita za saruji na graniti hazihesabiwi.

Barabara inafika karibu kabisa na kilele, na kutoka maegesho ni dakika chache kwa miguu. Mwenye saa mbili nampa ushauri huu: asikimbilie ngazi. Afuate njia ya mzunguko iitwayo Monument Trail, iliyochongwa na vijana wa mpango wa ajira wa serikali katika miaka ya 1930, aione mikwaruzo ya barafu juu ya kwatzaiti. Kisha ateremke hadi Port Jervis, mahali mito Neversink na Delaware inapokutana na majimbo matatu kugusana, ageuke kusini-mashariki na kuutafuta mnara juu ya mgongo. Hautamchukua muda kuupata.