Duara la Chaki na Haki ya Mama

Katika tamthilia ya Duara la Chaki, iliyotungwa na Li Xingdao huko Uchina katika enzi ya Yuan (1271–1368), mke mkubwa alimwua mumewe kwa sumu, akadai kwamba mtoto wa Haitang, mke mdogo, ni wake, apate kuurithi utajiri wa marehemu. Majirani na wakunga walikwisha kuhongwa. Hakimu Bao akaamuru mtoto awekwe katikati ya duara, wanawake wavutane. Haitang akamwachilia.

Duara hilo husifiwa mno. Lakini lenyewe halithibitishi neno: aachiliaye huenda ni mnyonge tu, na Haitang alichapwa kwa kutovuta. Kilichomrudishia mwanawe ni maelezo yake kwamba mkono wa mtoto ungalivunjika. Hapo ndipo penye uzito wa mchezo. Mke mkubwa, kwa kuvuta, ni mpumbavu. Mlezi mwenye hila angaliachilia mapema.

Brecht, katika tamthilia yake ya mwaka 1944, aliligeuza shauri: mtoto amepewa Grusha, mtumishi aliyemlea, na mama mzazi amenyimwa. Naye amejirahisishia kazi, kwani mama huyo hana huruma hata chembe. Je, naye angaliachilia, hakimu Azdak angaliamua nini?