Kidiaba na mabeki wake: jinsi lango la Mazembe lilivyolindwa Abu Dhabi mwaka 2010

Robert Kidiaba Muteba, kipa wa TP Mazembe ya Lubumbashi na wa timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anakumbukwa na wengi kwa namna alivyoshangilia mabao: aliketi chini na kurukaruka kwa makalio uwanjani. Ushangiliaji huo ulimpa jina duniani, lakini umefunika kazi yenyewe. Desemba 2010, katika Kombe la Dunia la Klabu, Mazembe ilizitoa Pachuca ya Mexico na Internacional ya Brazil bila kuruhusu bao hata moja, ikawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ya mashindano hayo. Matokeo hayo yalitokana na kipa aliyejua mahali pa kusimama, na mabeki waliojua kipa wao amesimama wapi.

Kidiaba alizaliwa tarehe 1 Februari 1976. Kabla ya kuhamia Lubumbashi alidakia AS Saint-Luc ya Kananga, katika Kasai. Mwaka 2002 alijiunga na Mazembe, akabaki hapo hadi 2015. Klabu aliyoikuta ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenediktini, na kwa jina la Englebert ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na 1968. Tangu hapo miaka zaidi ya 30 ilikuwa imepita bila taji hilo. Moise Katumbi alipoiongoza, klabu ilipata uwezo wa kuwalipa wachezaji vizuri na kuwazuia wasiondoke mapema. Jambo hilo lilikuwa na uzito wa kiufundi, kwa sababu safu ya ulinzi hukomaa kwa kucheza pamoja msimu baada ya msimu.

Kidiaba hakuwa na kimo cha makipa warefu wa Ulaya. Alitegemea miguu ya haraka, mruko na ujasiri wa kuacha mstari wa goli mapema. Manufaa ya mtindo huo yanaonekana katika vipimo vya uwanja. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mshambuliaji akiwa katikati, mita 16.5 kutoka langoni, kipa aliyebaki mstarini analazimika kulinda upana wote. Akisogea mita 5 mbele, pembe ya mpigaji hubanwa, na upana unaobaki wa kulinda ni takriban mita 5.1 tu. Kipa mfupi aliyesogea kwa wakati anaweza kuziba nafasi kubwa kuliko kipa mrefu aliyechelewa.

Hata hivyo, kutoka langoni kuna gharama. Mpira wa kuinuliwa unaweza kupita juu ya kichwa, na pasi ya pembeni inaweza kuacha lango tupu. Kwa hiyo kipa wa aina hii anahitaji mabeki wanaofanya mambo mawili: kumchelewesha mwenye mpira asipige kwa utulivu, na kufunga njia ya pasi ya pili. Mambo hayo yakikosekana, ujasiri wa kipa hugeuka kuwa hatari kwa timu yake.

Mwaka 2009 ulionyesha nguvu na udhaifu wa mpango huo. Machi, Kongo ilitwaa kombe la kwanza la CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao, kwa kuifunga Ghana 2-0 mjini Abidjan, Kidiaba akiwa langoni. Novemba, Mazembe ilicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Heartland ya Nigeria. Ilikuwa imefungwa 2-1 ugenini, na katika marudiano Lubumbashi ilishinda 1-0 kwa bao la kujifunga la wapinzani. Taji lilipatikana kwa kanuni ya bao la ugenini. Bao moja tu la Heartland siku hiyo lingeiondolea Mazembe faida hiyo, hivyo lango lililobaki salama lilikuwa na thamani sawa na bao lililofungwa.

Mwezi uliofuata, katika Kombe la Dunia la Klabu mjini Abu Dhabi, mambo yaliharibika. Mazembe iliongoza dhidi ya Pohang Steelers ya Korea Kusini kwa bao la Mbenza Bedi, kisha Denilson wa Pohang akafunga mara mbili na Mazembe ikalala 2-1. Katika mechi ya kuwania nafasi ya tano, Auckland City ya New Zealand ilishinda 3-2 kwa bao la dakika za nyongeza. Mabao matano yaliingia katika mechi mbili. Timu ilijua kushambulia, lakini haikujua kulinda uongozi.

Mwaka 2010 Mazembe ilirudi kileleni mwa Afrika. Iliifunga Espérance ya Tunis 5-0 Lubumbashi, kisha ikatoka sare ya 1-1 Tunisia. Lakini ilikwenda tena Abu Dhabi bila nyota wake mkubwa, Trésor Mputu, aliyekuwa akitumikia adhabu ya kufungiwa. Kocha Lamine N'Diaye wa Senegal hakuwa na mtu wa kuziba pengo la mfungaji huyo kwa kipaji chake peke yake. Timu ikalazimika kushinda kwa mabao machache, na hilo liliwezekana tu kama lango lingelindwa na wote.

Mbele ya Kidiaba walisimama watu waliozoeana. Éric Nkulukuta alikuwa kulia, Jean Kasusula kushoto, na katikati Joël Kimwaki pamoja na nahodha Mihayo Kazembe. Mabeki wa kati walikaa karibu na eneo lao la hatari badala ya kupanda juu, na viungo walishuka kuziba katikati. Wapinzani walisukumwa pembeni au wakalazimishwa kupiga kutoka mbali. Mashuti ya namna hiyo ndiyo yaliyomfaa Kidiaba: aliyaona mapema, na hatua zake chache za kusonga mbele zilitosha kubana pembe.

Tarehe 10 Desemba Pachuca ilifungwa 1-0, Bedi akifunga katika dakika ya 21. Mwaka uliotangulia Mazembe ilipoteza uongozi kama huo. Safari hii iliulinda kwa zaidi ya saa nzima.

Siku nne baadaye ilikuja Internacional, bingwa wa Copa Libertadores, yenye Andrés D'Alessandro, Alecsandro na Rafael Sobis. Wabrazili walimiliki mpira na kutengeneza nafasi, lakini kila walipofika langoni walimkuta Kidiaba amekwisha kutoka kuwakabili. Katika dakika ya 53 Mulota Kabangu alifunga bao la kwanza. Kuanzia hapo muda ulikuwa upande wa Mazembe: Internacional ililazimika kupeleka watu wengi mbele, na nyuma yao uwanja ukabaki wazi. Katika dakika ya 85 Dioko Kaluyituka alilipata pengo hilo, akafunga la pili kwa shuti la chini. Bao hilo lilikuwa tunda la ulinzi, kwani lisingepatikana kama kipa na mabeki wasingelinda lango dakika zote zilizotangulia.

Fainali ya tarehe 18 Desemba dhidi ya Inter Milan ilionyesha mpaka wa mpango huo. Goran Pandev alifunga katika dakika ya 13 na Samuel Eto'o katika dakika ya 17. Inter haikupiga kutoka mbali. Ilipitisha pasi za haraka zilizowaacha mabeki nyuma na kumweka kipa uso kwa uso na mfungaji akiwa karibu. Hapo kusogea mbele hakusaidii sana, kwa sababu mpigaji amekwisha kuchagua upande. Jonathan Biabiany aliongeza la tatu mwishoni, na mechi ikaisha 3-0.

Kidiaba aliendelea na kazi yake baada ya hapo. Alicheza Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2013, kisha la 2015 nchini Guinea ya Ikweta, alikotimiza miaka 39 mashindano yakiendelea. Kongo ilitoka nyuma kwa mabao mawili na kuifunga Kongo-Brazzaville 4-2 katika robo fainali. Katika mechi ya kuwania nafasi ya tatu ilitoka suluhu na wenyeji, ikashinda 4-2 kwa penalti. Alistaafu kucheza mwaka huohuo, akawa kocha wa makipa katika Mazembe, na baadaye akaingia katika siasa za Haut-Katanga.

Kwa Lubumbashi, urithi wake mkubwa ni somo la ufundi. Vijana wanaojifunza udakaji katika viwanja vya mitaa ya jiji hilo ya Kenya, Kamalondo na Katuba wafundishwe kwanza hatua za miguu na kuwasemesha mabeki, ndipo waruke. Uzito wa somo hilo unaonekana kwa kulinganisha: Raja Casablanca ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2013, lakini ikiwa mwenyeji nchini Morocco. Mazembe ilifika huko ugenini, bila mfungaji wake bora, ikiwa imefunga mabao matatu na haijafungwa hata moja katika mechi mbili za njiani.