Ibn Qutaiba na Hadithi za Maradhi

Yanapozuka maradhi, iwe kipindupindu au korona ya mwaka 2020, wapo wahubiri wanaosoma nusu tu ya dalili: kwamba Mtume (S.A.W.) amekanusha “adwa”, kuambukizana. Nusu ya pili, ya kumkimbia mwenye ukoma kama anavyokimbiwa simba, hawaigusi. Na ajabu ni kuwa katika Sahihi Bukhari, mlango wa ukoma, zote mbili zimo katika riwaya moja ya Abu Huraira (R.A.)! Basi anayedai kuwa moja imeifuta nyengine atuoneshe ipi iliyotangulia.

Ibn Qutaiba (aliyefariki 276 Hijria) alilikabili suala hili katika Taawil Mukhtalif al-Hadith, kitabu alichowajibu kwacho watu wa ilmul-kalaam waliowatuhumu wapokezi kuwa wanasimulia yanayopingana. Wapo waliosema kuwa katazo la kuwachanganya ngamia wagonjwa na wazima ni la kulinda itikadi tu. Yeye aliwakataa kwa hoja nyepesi: upele wa ngamia kuenea twauona kwa macho. Hapa amepatia.

Alipopungukiwa ni pale alipoigawa adwa kwa aina ya maradhi, ukoma na upele upande huu, tauni upande ule. Mgawanyo huo hausimami, kwani bedui aliyejibiwa kwa kuulizwa ni nani aliyemwambukiza ngamia wa kwanza, alikuwa akizungumzia upele huo huo. Ibn Salah (aliyefariki 643) naye alisema kuwa kitabu hiki kina mazuri na kina mapungufu.

Jawabu la Ibn Salah ndilo lililo imara zaidi: maradhi hayaenei kwa nguvu zake yenyewe, bali Mwenyezi Mungu amejaalia kuchanganyika kuwa sababu, na huenda sababu isilete kitu. Ibn Hajar (aliyefariki 852) hakulichagua. Aliona ukanushaji ubaki kwa ujumla wake, na amri ya kukimbia iwe ni kuziba njia, mtu asije akaamini adwa. Pamoja na heshima tunayompa Hafidh, hili laturudisha kule kule alikokukataa Ibn Qutaiba.

Ufunguo umo katika neno lenyewe. Adwa ya watu wa Jahiliya ilikuwa ni ugonjwa unaojiendea wenyewe bila ya qadari. Daktari anaposema “maambukizi” hakusudii hilo. Kwa hiyo mwenye kufasiri “hakuna kuambukizana” akaishia hapo, amemtwisha msikilizaji wake maana ambayo Hadithi haikuja nayo, na msikilizaji huyo huenda ana mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani.