Jiambie Wewe ni Bora: Dawa Inayomfaa Asiyeumwa

Umewahi kuambiwa usimame mbele ya kioo kila asubuhi ujiambie "mimi ni bora, mimi ninaweza"? Kama hujaambiwa, basi umeiona kwenye stetasi ya mtu WhatsApp. Ushauri huu unaitwa saikolojia, na kwa kuwa ni wa bure, wengi tunadhani hauna madhara. Hapo ndipo tunapokosea.

Mwaka 2009 Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake walichapisha jaribio rahisi tu. Wanafunzi waliandika mawazo yao kwa dakika 4. Baadhi yao, kila kengele ilipolia, walitakiwa kujiambia kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliojithamini tangu mwanzo walijisikia nafuu kidogo. Waliojiona duni walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakuambiwa warudie chochote. Yaani dawa ilimfaa asiyeumwa.

Kwa nini? Watafiti wanaeleza kwamba sentensi iliyo mbali mno na unavyojiona huamsha ubishi ndani yako. Unasema "napendwa", akili inauliza "na nani?", halafu inaanza kukutajia ushahidi wa kukupinga.

Hili nalijua. Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili, rasimu yangu ilirudi imejaa wino mwekundu. Wiki nzima nilijiambia mimi ni bora. Sikupata nafuu, nikaongeza na kosa la pili: nikajiona hata kujipa moyo nimeshindwa. Ubaya wa ushauri huu ndio huo. Usipofanya kazi, lawama inabaki kwako.

Tuwe wa haki lakini. Jaribio lile lilikuwa fupi, na washiriki walikuwa wanafunzi wa Kanada. Halimhukumu mama anayejituliza kwa dua. Linachokataa ni dai kwamba maneno mazuri yanamfaa kila mtu.

Sasa ufanye nini? Njia moja yenye ushahidi ni kuitaja hisia kwa jina lake. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake huko Los Angeles walipima ubongo wa watu waliokuwa wakitazama picha za nyuso zenye hisia. Walipochagua neno la hisia iliyo usoni, amigdala, sehemu inayoshughulika na vitisho, ilitulia kuliko walipochagua jina linalolingana na jinsia ya mtu wa picha. Jambo dogo, lakini halikulazimishi kujidanganya.

Na Kiswahili hapa hakituangushi. "Nina stresi" inaficha mengi. Je, ni kinyongo? Soni? Wivu? Simanzi? Au ni uchovu tu? Kinyongo kina mtu wa kuzungumza naye, uchovu unataka usingizi. Mimi nilipokaa chini nikajiuliza, nilikuta ni aibu, tena aibu ya kuogopa kuuliza. Kesho yake nikaenda kuuliza.

Kutaja hisia nako si tiba ya kila kitu. Huzuni ikikukalia karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na mambo uliyoyapenda hayakuvutii tena, usibaki na kioo wala daftari. Nenda kwa mhudumu wa afya. Kuomba msaada hakumaanishi kwamba hukujitahidi.