Mtu Aliyefutwa Katika Msafara

Miongoni mwa sinema za zamani zilizosimulia habari za nchi yetu, mashuhuri mojawapo ni "Stanley and Livingstone" ya mwaka 1939, iliyoongozwa na Henry King. Sisi wa Tabora twaitazama kwa jicho la pekee, kwani njia isimuliwayo humo, itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji, ilipita mlangoni petu.

Kwanza tuitendee haki. Spencer Tracy, aliyeigiza Stanley, hapayuki wala harushi mikono ovyo. Uchovu wa safari twausoma usoni pake. Picha za msafara nazo zilipigwa Afrika Mashariki, ingawa Tracy mwenyewe hakufika huku.

Hata hivyo, uzuri wa sura si kipimo cha ukweli. Katika sinema hiyo, mwenzi mkuu wa Stanley safarini ni Mmarekani, aliyeigizwa na Walter Brennan. Mtu huyo alibuniwa tu. Katika safari yenyewe ya mwaka 1871, kiongozi wa askari wa msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuchukuliwa utumwani hadi India, na ambaye tayari alikuwa amekwisha kuwaongoza Burton na Speke hadi Tabora mwaka 1857. Mtunzi alipohitaji rafiki wa shujaa, alimfuta Bombay akamweka mgeni. Hapo ndipo penye kasoro kubwa.

Wapagazi nao twawaona kama mstari mrefu upitao nyuma ya shujaa. Lakini Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo kwa ustadi: mpagazi alibeba kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, kirangozi alitangulia mbele, na ujira na posho vilijadiliwa, si kupokewa tu kwa kuinamisha kichwa.

Mwaka 1990 ilitoka "Mountains of the Moon" ya Bob Rafelson, kuhusu Burton na Speke. Humo Bombay amerudishiwa jina na sura, nayo ni hatua njema. Hata hivyo, kiini cha kisa kimebaki ugomvi wa Waingereza wawili.

Je, mchezo wenyewe ulikuwa wapi? Ulikuwa hapa Unyanyembe. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi iitwayo sasa Zambia, Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe, Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Wakaendelea na safari hadi Bagamoyo, walikofika mwaka 1874. Tazama, ewe msomaji: watu waliodhaniwa kuwa wa kuamriwa tu, wakaamua wenyewe, na uamuzi wao ukasimama. Ni mandhari gani ya sinema ipitayo hiyo?

Kwa hiyo twawaomba walimu wasiwakataze wanafunzi sinema hizi, bali wawafundishe kuzihoji. Mwanafunzi aulize: nani ana jina? Nani anasema? Nani ameubeba mzigo? Kisha aende Kwihara, kwenye tembe walimokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872, tembe iliyojengwa upya ikawa makumbusho. Naye akiwa hapo, awakumbuke pia walioitua mizigo yao uani. Bila mabega yao, Stanley asingefika Ujiji, wala Hollywood isingepata kisa cha kusimulia.